Mtawa au mwalimu mlei: mumwalike nani kuongoza mafungo ya tafakuri Moshi na Arusha?

Kikundi cha tafakuri kikishakaa mwaka mmoja au miwili, swali hili huja lenyewe. Mmezoea kukaa pamoja Jumamosi asubuhi, mna ukumbi wa kuazima Njiro au sebule ya mtu Shanty Town, na siku moja mmoja wenu anasema: jamani, tumwalike mwalimu. Hapo kikao kinagawanyika. Kuna wanaomtaka mtawa wa Kibudha, mwenye joho na kichwa kilichonyolewa, wakiamini ndiye mwenyewe. Kuna wanaosema mtawa ana masharti mengi, afadhali mwalimu mlei, mtu wa suruali na familia kama sisi, aliyekaa miaka chini ya walimu wake na kuruhusiwa kufundisha.

Mimi nimehudumia wa aina zote mbili, zaidi jikoni na kwenye usafiri kuliko mkekani, na msimamo wangu nauweka mezani mapema. Mtawa atawachukulia pesa kidogo na kazi nyingi. Mlei atawachukulia pesa zaidi na kazi kidogo. Kwa hiyo kabla hamjabishana juu ya nani ana elimu kubwa, hesabuni mlicho nacho: watu wa kuamka alfajiri kupika, au watu wa kuchanga.

Nikisema mtawa hapa nina maana ya Theravada, mapokeo ya Sri Lanka, Thailand na Myanmar, kwa kuwa hao ndio walio karibu na sisi. Dar es Salaam lipo hekalu lililoanzishwa na Wasinhala zaidi ya miaka 100 iliyopita. Uganda kipo kituo alichokianzisha Bhante Buddharakkhita mwaka 2005, Mganda aliyepokea utawa Marekani mwaka 2002. Mapokeo mengine yana taratibu zake. Watawa wa Kichina, kama wale wa hekalu la Nan Hua kule Bronkhorstspruit, Afrika Kusini, hawagusi nyama kabisa. Makasisi wa Zen, tawi la Ubudha la Japani, wengi wana wake na watoto tangu serikali yao ilipoondoa katazo mwaka 1872, kwa hiyo ukimwalika mmoja wao usishangae akija na mama watoto.

Jikoni ndiko tofauti inakoanzia

Mtawa kamili wa kiume anashika kanuni 227. Nyingi hamtaziona. Zile za chakula mtaziona siku ya kwanza.

Anakula kati ya kupambazuka na adhuhuri, basi. Wengi wao huhesabu adhuhuri ya jua, si ya saa ya ukutani, na hapo jiografia inatupendelea. Saa ya Tanzania imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45, sisi tuko kwenye 37 hivi, kwa hiyo jua la Moshi na Arusha linafika utosini karibu saa sita na nusu. Mwanzoni mwa Novemba linawahi, kama saa sita na robo. Katikati ya Februari linachelewa mpaka saa saba kasorobo. Muulizeni anafuata ipi. Vyovyote vile, chakula kikiwa tayari saa tano hakuna atakayekimbizana na sufuria. Machalari yatakayoiva saa saba hayatakuwa na mlaji.

Halafu chakula lazima akabidhiwe mkononi. Bufee yetu ya hotipoti zilizopangwa mezani, na mwenyeji anasema "karibu, jipakulie," haimsaidii kitu. Mtu anyanyue hotipoti, amsogelee, ampe. Ukiichukua tena kuongeza mchuzi, unamkabidhi upya. Kwa matunda yenye mbegu, baadhi yao, hasa wa ukoo wa Ajahn Chah, mwalimu wa watawa wa msituni wa Thailand, huomba mtu asiye mtawa ayapitishe kisu kwanza. Mama wa jikoni anashika chungwa la juu, analichoma ncha ya kisu, anajibu maneno mawili ya Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Theravada, aliyofundishwa jana yake, ndipo sahani nzima inapokelewa. Siku ya kwanza atacheka. Siku ya tatu utakuta kisu kimeshalazwa pembeni ya mapasheni kabla mtu hajasema lolote.

Nyama ndiyo yenye mtego kwa watu wa kwetu. Mgeni wa heshima Uchagani au kwa Wameru anachinjiwa, hilo halina mjadala. Mtawa wa Theravada anaweza kula nyama iliyonunuliwa buchani, lakini akiona, akisikia au akishuku tu kwamba mnyama kachinjwa kwa ajili yake, haili. Mzee akisimama kwa furaha na kutangaza kwamba mbuzi huyu ni wa mgeni wetu, ameshamnyang'anya mgeni chakula chake. (Ipo pia orodha ya nyama kumi zilizokatazwa moja kwa moja, na wanyama wa mbuga zetu wamejaa humo: tembo, simba, chui, fisi. Sidhani kama itawasumbua.)

Mchana ukishapita anakunywa tu: chai ya rangi, asali, juisi iliyochujwa. Pasheni iliyochujwa vizuri inapita. Ya parachichi ni chakula, haipiti. Mbege msiitaje.

Mwalimu mlei anakula chakula cha usiku na ninyi. Walei wengi wa fani hii hawali nyama, na wali maharage na mchicha unawatosha. Akifundisha kwa utaratibu wa S.N. Goenka, mwalimu mlei aliyeeneza kozi za tafakuri za siku 10, jiko litakuwa la mboga tupu, wanafunzi wapya watapata matunda na chai saa kumi na moja jioni, na waliowahi kumaliza kozi hawatakula chochote tangu adhuhuri. Hapo mpishi anapumzika kwa nusu siku, jambo ambalo hakuna anayelitaja kwenye kikao.

Pesa, bahasha na tiketi

Mtawa anayeshika kanuni zake hapokei pesa wala hazigusi. Hamwezi kumlipa, na bahasha ile ya kumpenyezea mgeni mkononi wakati wa kuagana mtaiweka wapi? Sadaka inapitia kwa hekalu lake au kwa mhudumu anayefuatana naye. Hii ina maana kwamba tiketi, bodaboda, dawa ya mafua, vocha, vyote vinahitaji mtu wa pembeni.

Safari ya basi kutoka Dar inaonyesha vizuri. Basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, na kituo cha kula cha Korogwe au Mombo kinaweza kuangukia baada ya adhuhuri. Abiria wote wanashuka kwa chipsi kuku, yeye anabaki na chupa ya maji hadi kesho. Mhudumu mwenye akili ananunua chakula dirishani saa nne au saa tano, popote basi linaposimama, anamkabidhi hapo hapo kitini. Akifika stendi ya Moshi, tegemeeni watoto kumzunguka na mmoja kuuliza huyu ni Mmasai wa wapi.

Mlei ana kodi ya nyumba na ada za watoto. Baadhi hufuata mfumo wa sadaka tu, wengine wana kiwango, na wengi wanachanganya: mnalipia nauli na malazi, kisha washiriki wanatoa wanachoweza. Mimi sioni aibu yoyote katika mwalimu kutaja kiwango. Ninachokiona kibaya ni kikundi kuimba "ni sadaka tu" mpaka siku ya mwisho, halafu mwalimu aliyetoka nje ya nchi anaondoka na noti mbili za elfu kumi. Kama mna kiwango, kiandikwe kwenye mwaliko.

Kozi za Goenka zina mfumo wa peke yake. Hakuna ada, na mchango unapokelewa tu kwa mtu aliyekwisha maliza kozi. Walimu wasaidizi, walei wale, hawalipwi. Ila hamwezi kumwalika mwalimu msaidizi wa Goenka aje kutoa hotuba kama apendavyo. Kozi ya kuanzia ni siku 10 kamili, kuamka saa kumi alfajiri, taa kuzimwa saa tatu na nusu usiku, kama saa 10 za kukaa kila siku, na mafundisho yanatoka kwenye sauti iliyorekodiwa ya Goenka mwenyewe, aliyefariki mwaka 2013.

Vyumba, na suala la wanawake

Nyumba za mafungo za kukodi mikoa hii nyingi ni za makanisa, na nyingi zina jengo moja la kulala. Mtawa halali chini ya paa moja na mwanamke. Akipewa chumba cha mwisho cha korido ambayo upande wa pili wamelala akina dada, mmemweka pabaya hata kama atanyamaza. Tafuteni kijumba cha pembeni, au nyumba ya jirani. Pia msimpangie kazi za bustani zile za kutuliza akili, maana hachimbi udongo wala hakati mmea.

Mazungumzo ya mmoja mmoja nayo ni hivyo. Mwanamke hawezi kukaa na mtawa faraghani. Awepo mwanamume wa tatu anayesikia. Sasa tazameni kikundi chenu. Vikundi ninavyovifahamu Arusha wanawake ndio wengi, na wengi wao walianza tafakuri kwa sababu ya jambo zito: msiba, ndoa, mimba iliyotoka. Mtu wa namna hiyo hatafungua moyo huku mweka hazina wa kikundi ameketi hatua mbili kutoka kwake. Kwangu hiki ndicho kigezo kizito kuliko vyote, na mara nyingi peke yake kinatosha kumwelekeza mtu kwa mlei, tena mlei mwanamke.

Watawa wanawake wapo. Utawa kamili wa kike wa Theravada, wenye kanuni 311, ulihuishwa India na Sri Lanka kati ya mwaka 1996 na 1998, ingawa uongozi wa watawa wa Thailand haujautambua. Mkimpata mmoja, msimwache.

Heshima nayo ielezwe mapema. Mtawa wa miaka 26 hamwinamii mzee wa miaka 70, kanuni hazimruhusu kumwinamia mtu asiye mtawa. Anayeinamiwa ni yeye. Kwa mtu aliyelelewa kwa shikamoo hili linauma, hata kama hatasema. Waambieni wazee kabla, na waambieni pia akina mama kwamba hatashika mkono wao na si kwamba anawadharau. Mwite "Bhante" kama ni wa Sri Lanka, "Ajahn" kama ni wa Thailand. Mlei mwite mwalimu, au dada, au kaka, yatosha.

Nani anafundisha vizuri zaidi?

Joho si cheti cha kufundisha tafakuri. Sri Lanka tangu zamani kuna watawa wa vijijini, wanaoshughulika na mazishi, baraka na shule za Jumapili, na watawa wa msituni, waliojitenga kwa ajili ya tafakuri. Mtawa mwema kabisa wa aina ya kwanza anaweza kuwa na miaka 20 ya utawa na akawa hajawahi kuongoza mafungo hata mara moja. Muulizeni kwa adabu: ana misimu mingapi ya mvua katika utawa (ndivyo wanavyohesabu umri wao), mwalimu wake ni nani, na watu wa kawaida amewafundisha wapi. Misimu kumi ndiyo inayomfanya ahesabiwe mkubwa. Chini ya mitano bado anapaswa kuishi chini ya mwalimu.

Na ulei si daraja la pili. Wakati wa Buddha mwenyewe, Citta, tajiri wa Macchikasanda, alitajwa kuwa wa kwanza kati ya walei katika kufundisha, na alifikia kuwaeleza watawa mambo waliyokwama. Sayagyi U Ba Khin, mwalimu wa Goenka, alikuwa Mhasibu Mkuu wa serikali ya Burma (Myanmar ya leo) na alifundisha wafanyakazi wa ofisi yake. Dipa Ma, aliyefariki mwaka 1989, alikuwa mjane aliyefundisha akina mama majirani kwenye nyumba ndogo Kolkata, na walimu wakubwa wa Marekani wa leo walikwenda kumkalia miguuni. Hao wakina Joseph Goldstein na Sharon Salzberg, waanzilishi wa kituo cha Barre, Massachusetts, ni walei mpaka leo.

Katika majibu ya maswali tofauti inaonekana. Mtu anauliza afanye nini na hasira juu ya shemeji anayekula mkopo wa kikoba. Mlei amewahi kuwa na shemeji. Anajibu kwa hatua: usijibu ujumbe usiku, angalia kifua kinavyobana, kaa na hilo kwanza, halafu kadai pesa yako. Mtawa atajibu kwa maneno machache yanayoonekana hayahusiani na kikoba hata kidogo, na nusu ya watu watatoka wamekatishwa tamaa. Nusu nyingine watayakumbuka miezi sita baadaye. Ndiyo maana kwa wanaoanza nawashauri mlei, na kwa waliokwisha kaa miaka kadhaa, wanaojua tayari kufuata pumzi na wamechoka na mbinu, nawashauri mtawa. Somo kubwa la mtawa haliko kwenye hotuba. Liko katika kumwona mtu mzima aliyeshiba kwa mlo mmoja, hana pochi, hana simu ya kuchungulia kila dakika, na hana huzuni. Hilo halirekodiwi, na siku tano za kukaa naye mahali pamoja zinafaa kuliko hotuba kumi.

Lugha ni kikwazo kwa wote wawili. Tafuteni mkalimani anayekaa tafakuri mwenyewe, si anayejua Kiingereza tu. Mtawa hutumia Kipali kingi, kwa hiyo mkalimani apewe mada siku moja kabla.

Uadilifu muulizie wote. Mtawa anayefanya tendo la ndoa, akaiba, akaua au akadanganya kwamba amefikia daraja la kiroho, utawa wake umekufa siku hiyo, na hata kama daraja analo kweli haruhusiwi kuwatangazia walei. Kwa hiyo mwenye joho anayejisifu kwamba ameshaangazwa, mwogopeni. Kwa mlei, omba maandishi ya miiko ya kituo kilichomruhusu na jina la mtu wa kumlalamikia. Asiye na wa kumlalamikia, msimlete.

Kanisani watasema nini? Msikitini je?

Wengi wangebashiri kuwa mtawa ndiye atakayeleta mgogoro. Kwa macho ni kweli: kuna kuinama mara tatu, kuna nyimbo za Kipali, labda na sanamu mbele ya ukumbi, na mafungo yakifanyika kwenye nyumba ya dayosisi, sanamu hiyo muiulizie ruhusa. Lakini watawa niliowahudumia hawakumwambia yeyote aache rozari. Ukisali, sali.

Kozi ya Goenka, inayojieleza kuwa haina dini, ndiyo yenye sharti gumu zaidi hapa: kwa siku zote 10 mshiriki anaombwa asimamishe sala, ibada, kufunga na tasbihi, ili mbinu ipimwe bila kuchanganywa. Kwa Mkristo hilo linaweza kuvumilika. Kwa Mwislamu wa swala tano ni kizuizi halisi, na ajulishwe kabla ya kujiandikisha, si usiku wa kwanza.

Kama hofu ya dini ni kubwa, ipo njia ya tatu, mlei wa programu ya wiki nane aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn hospitalini Massachusetts mwaka 1979. Hakuna sanamu, hakuna Kipali, na wauguzi na walimu wa shule huielewa haraka. Mjue tu kwamba mmechagua tiba ya msongo wa mawazo, si mafundisho ya Buddha kamili.

Mwezi gani

Kuanzia mwezi mpevu wa Julai hadi ule wa Oktoba, mtawa wa Theravada yuko kwenye msimu wa kutulia mahali pamoja, na hasafiri isipokuwa kwa dharura zisizozidi siku saba. Msimwalike wakati huo. Ni wakati huo huo walei wengi wa nje wanapata likizo, ila pia ndio msimu wa watalii, nauli ya kufika KIA iko juu, na baridi ya Machame au miteremko ya Meru mwezi Julai itawataka mablanketi mawili kila kitanda.

Aprili na Mei barabara za juu zina matope. Desemba msijaribu kabisa: Wachaga wamerudi nyumbani, mabasi yamejaa, na kila mgomba una spika. Januari na Februari ndio miezi ya mtawa. Barua yake iandikwe Agosti au Septemba, wakati yuko hekaluni na anapanga mwaka wake, ipitie kwa mkuu wa hekalu, na itaje mambo matatu bila kuzunguka: chumba chake kiko wapi, nani atashika tiketi, na chakula kitakuwa tayari saa ngapi. Kama mgeni anatoka nje ya nchi, awe mtawa au mlei, viza ya kufundisha iulizwe Uhamiaji kabla tiketi haijakatwa.